Mafuta ya Achille Yamekwenda Wapi

Jumatatu, 5 Juni 2023
Wazo kubwa limenijia nikinyoa ndevu. Unga wa uji! Mahindi, soya, na ndagala, dagaa wa ziwa letu, waliosagwa. Jina: Nguvu ya Ziwa. Kikwazo ni kimoja, jirani yangu Frédéric. Naye anauza unga wa uji hapa Nyamianda, na kwenye mfuko wake ameweka picha ya mwanawe Irakoze, mtoto wa miezi minane. Mashavu kama maandazi. Mapaja yenye mikunjo. Akina mama wanausifu unga, kumbe wanasifu mapaja.

Mimi nina Achille, miaka sita. Mbavu zote ziko nje. Nani atanunua uji wenye picha ya mbavu?

Nimetoa picha yake ya zamani, alipokuwa na umri wa Irakoze. Mviringo mtupu! Shingo haionekani. Basi mafuta yale yamekwenda wapi? Kitu hakipotei hivihivi ndani ya nyumba. Kuna mtu ameyachukua.

Jumatano, 7 Juni
Nimeazima utepe wa fundi cherehani, nikapima familia. Mke wangu Élisabeth amekataa kupimwa. Nimemheshimu, kwa kuwa alikuwa ameshika mwiko.

Mwizi nimempata. Ni Consolée, binti yetu mkubwa, miaka kumi na miwili. Mwaka jana alikuwa mwembamba kama mdogo wake. Sasa sketi ya shule inambana nyonga, na mapaja yamejaa. Hesabu ni rahisi: kilichopungua kwa mdogo kimeongezeka kwa mkubwa.

Nimetangaza mezani kwamba mwizi amepatikana, na kuanzia leo Achille anakula kwanza, tena mara mbili, na Consolée anakula kitakachobaki. Dada wa Élisabeth alikuwapo, na akina mama wawili wa kwaya. Consolée ametazama sahani.

“Papa, miye sikuiba chakula ya Achille,” amesema.

Nimemjibu kwamba utepe hausemi uongo.

Ijumaa, 9 Juni
Achille amekula bugali wake na wa dada yake, akakimbilia mpira. Amerudi na mbavu zilezile. Asubuhi nimegundua suruali yake imekuwa fupi. Chakula kinapanda juu badala ya kwenda pembeni! Mtoto mkaidi.

Frédéric amepita na Irakoze begani, akaniuliza kwa upole biashara inaendeleaje. Nimemwambia tuko kwenye utafiti. Mtoto amenicheka, bila jino hata moja.

Élisabeth anasema Consolée hali hata kile kinachobaki. Nimesema ni dhamiri inamsumbua.

Jumapili, 11 Juni
Consolée ameanguka kanisani, katikati ya wimbo. Wenzake wa kwaya walidhani amepiga magoti.

Nimembeba mwenyewe hadi kituo cha afya, Élisabeth akinifuata. Alikuwa mwepesi. Huyu niliyemwita mnene alikuwa mwepesi mikononi mwangu kama nguo ambazo hazijalowa, na njia nzima sikuwaza unga hata kidogo.

Daktari Laure amempa maji ya sukari na chumvi, kisha akaniuliza mtoto amekula nini. Nimeeleza utafiti wangu, utepe na yote. Amenisikiliza, akasema taratibu: “Papa, huyu binti haiko mwizi. Iko anakomaa.”

Halafu ametufafanulia. Mtoto mchanga hujaza mafuta mwaka wa kwanza. Akianza kutembea na kukimbia hupungua, na kwenye miaka mitano, sita hivi, wengi huonekana wembamba kuliko wakati wowote. Baadaye mafuta hurudi. Msichana akianza kukomaa huyaweka zaidi nyonga na mapaja. Mvulana akikomaa hupungua mafuta mikononi na miguuni, misuli ikachukua nafasi. Achille yuko sawa. Consolée alikuwa sawa, hadi baba yake alipoanza kumpima.

Tumerudi nyumbani. Hapo Élisabeth akasema neno moja: “Papa Consolée, utepe urudishe kwa mwenyewe.”

Nimeurudisha. Kisha nimekaa kando ya kitanda cha Consolée nikamwomba msamaha, mbele ya dada wa Élisabeth, kwa kuwa alikuwapo nilipomwita mwizi. Ameomba samaki, kipande kikubwa. Nimempa changu.

Jumanne, 13 Juni
Consolée anakula vizuri. Amerudi shule. Nami sasa nimeelewa sayansi yote ya daktari!

Kosa la Frédéric ni kuuza mfuko wa aina moja, wakati miili haifanani. Nguvu ya Ziwa itakuwa na mifuko miwili. Wa buluu kwa wavulana: mafuta yasikimbie. Wa waridi kwa wasichana: mafuta yajue pa kukaa. Ndani ni unga uleule, kwa sababu soya nimesaga sufuria moja.

Élisabeth ameuliza uji utamjuaje anayeunywa.

Nimemwambia ndiyo maana kuna rangi.