Abiria Wangu wa Mashuka

Jumatatu, 4 Machi
Binti yangu ameilisha simu uji sasa hivi. Kijiko kizima! Nimeifuta, inawaka. Mungu mkubwa, maana riziki yetu imo humo. Magari yasiyo na dereva yameanza kupita mtaani! Unaita kwa simu, nauli inagawanywa kwa viti vilivyokaliwa. Viti vitano vikijaa, rahisi kama maji. Ukiwa peke yako, unabeba nauli ya gari zima. Na asubuhi huku kwetu ni mimi tu, mtoto mgongoni, na mafurushi manne ya mashuka ya nyumba ya wageni, niliyoyapiga pasi. Bosi ananijaribu wiki moja: mzigo ufike saa moja, la sivyo kazi basi. Nauli isiposhuka, mshahara utaishia barabarani. Wifi kasema mwenye akili angetafuta kazi ya karibu. Wifi hana kazi ya karibu wala ya mbali.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata! Kila furushi kiti chake, mkanda nikafunga. Gari likatukaribisha sote watano. Sote! Nauli ikaporomoka. Nimecheka hadi mtoto akaamka.

Jumatano, 6 Machi
Leo mafurushi matano. La tano nikaliweka kwenye kiti changu, kidogo tu, nimfunge mtoto mgongoni. Gari likasema limejaa, asanteni. Mlango pa! Likaondoka! Nimelikimbiza na ndala moja. Wifi mlangoni, mswaki mdomoni, akauliza kama mashuka yaliaga.

Nimefika kwa miguu, nimechelewa, roho mkononi. Bosi akaniambia mzigo ulifika saa moja kamili, umekaa wima kama wageni waheshimiwa. Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akauliza, kama mashuka yanajua njia, mimi wa nini? Kanipa hadi Ijumaa. Nauli ya watano wote imekatwa kwangu, eti hakuna aliyeshuka akalipa.

Alhamisi, 7 Machi
Ujumbe kwenye simu: kuanzia kesho, gari litatazama nyuso kabla ya kuhesabu abiria. Nyuso tu? Mbona rahisi! Nimechora macho kwenye foronya kwa mkaa. Furushi la kwanza lina kofia ya baba mtoto. La pili, miwani ya mama mkwe. Binti yangu kalibusu, kaliita shangazi! Kama mtoto kadanganyika, gari ni nani? La tatu ndilo limependeza zaidi, nimelivisha kile kilemba cha harusi cha wifi. Hatajua, kwani hata sandukuni huwa haangal

Naja, wifi! Kilemba kipi te