Kanuni ya Chungu Kimoja

Ifahamike kwa wote, wenye televisheni na wenye kuchungulia ya jirani, kwamba Mamlaka ya Utazamaji Bora imeutangaza mwaka huu kuwa Mwaka wa Kila Mtu na Skrini Yake. Tangazo lilisomwa na Mkurugenzi Mkuu mwenyewe, kavaa suti ya kijivu, katika chaneli zote za televisheni ya kebo kwa wakati mmoja. Kwa bahati mbaya hakuna aliyelisikia. Watu walikuwa wamekwisha kukata kebo, na hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya tangazo lenyewe.

Mimi nililipata kwa Kinyozi wa ghorofa ya chini, aliyelipata kwa mteja, aliyelipata kwa mke wa dereva wa Mkurugenzi. Kwa hiyo ni habari ya uhakika.

Sisemi haya kwa kubeza. Mimi ni Mkuu wa Kaya, cheo nilichopewa na Kanuni za Mamlaka, na mwenye cheo hambezi mwenye cheo mwenzake. Ila watu wetu hawana shukrani. Kebo ilikuwa na chaneli tele, na karibu katika zote ulimkuta Mkurugenzi: hapa anafungua semina, pale anafunga semina, kwingine anapokea ripoti ya semina. Mtu na akili zake akitaka nini tena? Lakini wapi! Waya wa kebo wakaufanya kamba ya kuanikia nguo, wakahamia intaneti, kwenye zile akaunti ambako unachagua tamthilia yako na kuitazama upendapo. Akaunti moja, neno moja la siri, na jengo zima linalia pamoja bibi harusi akikimbiwa.

Akaunti ya jengo letu imeandikwa jina langu. Mkwe wangu ndiye aliyeifungua, mkono mmoja kwenye simu na mwingine kwenye ndoo ya nepi. Neno la siri nilimpa Kinyozi, kwa sababu aliomba, na nikampa Shoga, kwa sababu ni Shoga.

Shoga ni fundi cherehani, chumba chake kimepakana na changu. Tangu ateleze ngazini akavunjika nyonga, cherehani imefunikwa shuka na yeye yuko kitandani. Watoto wako mbali. Ukimuuliza mchana kama amekunywa dawa, hakumbuki. Lakini mawifi wa kwenye tamthilia, nani alimwibia nani mume na alivaa gauni gani siku hiyo, anakuhesabia bila kukosea mshono. Umeme ukikatika jioni anageukia ukutani na hasemi na mtu mpaka kesho. Kwa hiyo Kinyozi aliposema Mamlaka inakataza kugawa neno la siri nje ya kaya, mimi sikuwaza televisheni. Niliwaza ule ukuta.

"Kaya ndiyo nini?" nikamuuliza.

Kinyozi akanieleza jinsi wakubwa walivyokesha kwenye hoteli wakitafuta maana ya kaya. Mmoja alisema ni watu wa paa moja. Wakakataa, maana ghorofa nzima ina paa moja. Mwingine akasema ni watu wa damu moja. Wakakataa haraka zaidi, maana Mkurugenzi ana damu katika wizara nne. Mwisho wakaafikiana: kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Wakapigiana makofi. Siku hizi nani tena anakula chungu kimoja na jirani?

"Sisi," nikasema.

"Tangu lini, bibi?"

"Tangu mchana huu. Wewe lete mkaa."

Nikainjika sufuria kubwa ya maharage. Sufuria si chungu, najua, lakini Mamlaka ilishatoa waraka unaoitambua sufuria kuwa chungu kwa madhumuni ya Kanuni. Shoga hawezi kushuka kitandani, basi akabebewa sufuria hadi kitandani. Kanuni inataka watu wale chungu kimoja. Haikusema chungu kisitembee.

Baada ya siku chache tu akaja Mkaguzi. Kijana nadhifu, kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na moja ya kuonekana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kitendawili."

"Nimekuja kikazi, bibi. Ni ukaguzi."

"Kitendawili."

Kijana kalelewa vizuri, hakuwa na la kufanya. "Tega."

"Nina mali, nikiwagawia mtaa mzima inabaki ileile."

Akafikiri. "Wizi."

"Siyo. Nipe mji."

"Sina mamlaka ya kugawa miji, bibi. Hiyo ni kazi ya Wizara ya Ardhi."

"Basi nipe hata ofisi."

"Ofisi nazo zimekwisha. Zote zimeshagawiwa."

Nikamwambia jibu: ni neno la siri. Akaliandika, nadhani kama ushahidi. Kisha tukaingia chumbani kwa Shoga, ambako Kinyozi alikuwa ameshakaa na sahani yake, Mkaguzi akafungua fomu.

"Huyu Kinyozi ni nani kwako?"

"Mwanangu."

"Wa kumzaa?"

"Wa kumlisha. Wa kumzaa hajanipigia simu tangu Pasaka ya mwaka juzi."

Akaandika. "Na mgonjwa?"

Shoga akajibu mwenyewe kutoka kitandani: "Andika mke mwenza."

"Mume wenu ni nani?"

"Bado tunatafuta."

Kalamu ikasita hewani, ikaandika "yu safarini". Kijana ana huruma, nikamwona.

Sasa kikafika kifungu cha kuonja. Kifungu hiki kiliongezwa baada ya watu wa jengo la pili kuchemsha maji na mawe mbele ya wakaguzi wakidai ni nyama ngumu. Tangu hapo kila mkaguzi sharti aonje, aweke alama, asaini. Mkaguzi akachota kijiko. Akatulia. Akachota cha pili, akasema ni kwa ajili ya uhakika. Cha tatu hakukitolea maelezo. Halafu kijiko kikamponyoka.

"Bibi, nimekwisha."

"Chumvi imezidi?"

"Kanuni, bibi." Akafungua kitabu chake. "Mwanakaya ni mtu yeyote aliyekula katika chungu cha kaya. Na mimi nimekula. Na mtumishi haruhusiwi kuamua shauri la kaya yake."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mimi ni wa hapa. Siwezi kuwakagua."

"Karibu nyumbani, mwanangu," nikamwambia. "Ongeza maharage."

Akajiondoa kwenye shauri kwa maandishi. Jioni akarudi kutazama tamthilia, kwa kuwa ilikuwa haki yake kisheria, akakaa kwenye kiti cha cherehani. Shoga alimsimulia yaliyotangulia tangu mwanzo, na hakuna siku niliyomwona Shoga na uso mpana kama ule. Mwanafunzi mpya kapatikana.

Mamlaka, ambayo hailali, ikatuma mkaguzi wa kumkagua Mkaguzi. Naye akaonja. Ikatuma mkuu wa kitengo. Huyu alifika na kijiko chake, jambo lililonipa mashaka na nia yake. Mwanasheria wa Mamlaka akaandika kwamba kuonja si kula, hivyo wote hao bado ni huru. Mwingine akauliza: kijiko cha ngapi ndipo kuonja kunageuka kula? Swali kubwa. Ikaundwa Kamati ya Kutofautisha Kuonja na Kula, ikahamia kwangu na mafaili yake, ikakaa kikao ngazini kwa sababu ndani hapakutosha. Kamati ilianza kwa kuonja. Ilipofika ukoko ikasema imeridhika. Katika ripoti yake ilipendekeza pilipili.

Mkisikia mla nawe hafi nawe, basi si kwangu. Kila aliyekula alirudi, na wengine walikuja na wake zao.

Ikabaki Mkurugenzi Mkuu. Alikuja mwenyewe, na suti ya kijivu, nyuma yake fundi wa kebo kabeba king'amuzi kipya kilichofungwa utepe. Akaingia kwa Shoga bila kugonga, akasimama miguuni mwa kitanda kama anayefungua semina.

"Mama, Mamlaka inakujali. Tumekuletea kebo. Chaneli zote."

"Na wewe umo?" Shoga akauliza.

"Nimo."

"Katika ngapi?"

Mkurugenzi akakohoa kidogo. "Karibu zote."

Shoga akamtazama. Nilidhani atageukia ukutani. Hakugeuka.

"Mheshimiwa, mimi sina njaa ya picha. Picha zimo hata kwenye kalenda. Nataka kesho mtu anifungulie huo mlango aniulize, 'Umemwona yule mwanamke alivyofanya?' Kwenye kebo yako nitaulizwa na nani? Hakuna anayekutazama."

Chumba kizima kikapata kazi ya kuangalia chini. Mkurugenzi akapanguza miwani ambayo haikuwa na vumbi. Sauti ilipomrudia ilikuwa ya ofisini.

"Mgonjwa huyu si wa kaya hii. Naukamilisha ukaguzi mimi mwenyewe. Mkaguzi, lete fomu nisaini, na akaunti ikatwe leo."

Mkaguzi wetu alikuwa pembeni ameshika upawa, maana ilikuwa zamu yake ya kupakua. "Mheshimiwa, fomu haikamiliki bila kuonja."

"Nani aliandika upuuzi huo?"

"Ni sahihi yako, Mheshimiwa."

"Basi aonje Naibu wangu."

"Alionja Jumanne."

"Mwanasheria?"

"Alisema kuonja si kula, akarudia ili athibitishe. Akarudia tena."

"Dereva wangu!"

Dereva alikuwa mlangoni. Alitaka kuitika, lakini mdomo ulikuwa umejaa.

Nikamsogezea Mkurugenzi kiti. Nilimwonea huruma kweli, mtu mzima kazungukwa na sheria zake mwenyewe kama kuku kwenye tenga. Asipoonja, hana ukaguzi. Akionja, ni wetu. Alifikiri mpaka jasho likamtoka, kisha akapata njia ya kikubwa: akachovya ncha ya kijiko, akagusisha ulimi, akafumba mdomo, akaanza kutafuta kwa macho mahali pa kutema.

"Wewe!" Shoga akamaka. "Baba mzima na suti yake, unatema chakula cha mgonjwa mbele ya mgonjwa?"

Mkurugenzi akatazama huku na huku. Idara yake yote ilikuwa mle ndani na mlangoni na ngazini, sahani mkononi, inamtazama. Nafikiri miaka mingi ilikuwa haijamtazama hivyo.

Akameza.

"Amemeza," Mkaguzi akaandika, akapiga mstari chini kwa kalamu ile ya kuonekana.

Kwa kuwa sasa Mamlaka haikuwa na mtu hata mmoja asiye wa kaya yangu, nikauliza shauri linaamuliwa na nani. Mkaguzi akapekua, akasoma kwa sauti: likikosa mwamuzi, linarudi kwa Mkuu wa Kaya. Sikuomba muda wa kutafakari. Niliamua kwamba Shoga ni wa kaya hii, alikuwa wa kaya hii kabla ya Kanuni, na akaunti ibaki kama ilivyo. King'amuzi tukakiweka chini ya mguu wa kitanda uliokuwa mfupi. Shoga alisema ni mara ya kwanza tangu aanguke kulala bila kuelemea upande.

Yakabaki majukumu. Mkuu wa Kaya anagawa kazi za kaya, iko kwenye Kanuni, na kila nyumba inajua anayeosha vyombo ni nani.

"Mheshimiwa, sufuria ile pale."

"Mama, mimi ni Mkurugenzi Mkuu!"

"Huko ofisini, mwanangu. Hapa umeingia wa mwisho. Wewe ni kitinda mimba."

Akamtazama Naibu. Naibu akatazama dari. Akamtazama Mwanasheria, ambaye alisema kwa masikitiko makubwa kwamba haoni mwanya wowote. Basi akavua koti. Dereva akalipokea kwa heshima zote, akalitundika juu ya cherehani. Mkurugenzi akakunja mikono ya shati, akaibeba sufuria hadi kwenye sinki la kwangu, na tukasikia maji yakifunguliwa na mtu asiyejua bomba linafunguliwa upande gani.

Wengine tukajipanga, Kamati chini kwenye mkeka, Kinyozi dirishani, mimi kitandani kando ya Shoga. Muziki wa tamthilia ukalia.

Kwenye sinki kukanyamaza ghafla.

"Imeanza?" sauti ikauliza. Haikuwa ya semina kabisa.

"Imeanza, mwanangu," Shoga akajibu, macho kwenye skrini. "Sugua."