Koti la Lempi na Nyundo ya Bodi

Jumatatu, 4 Novemba

Nimeshtuka. Kahawa imepoa mbele yangu na sijainywa.

Makabrasha ya kikao cha bodi ya chuo yamefika leo. Kwa kawaida huyapima kwa mkono, na nikiona ni mazito huyaweka chini ya chungu cha maua. Leo mvua ilininyima la kufanya, nikayasoma. Ajenda ya saba, katika mapendekezo ya kuziba nakisi ya bajeti: chumba cha makoti katika jengo kuu kifungwe, nafasi ikodishwe kwa kampuni ya kahawa. Watu watumie makabati ya kufuli.

Chumba cha makoti! Cha Lempi!

Mke wangu alipokea makoti pale miaka yote ya utu uzima wake. Alifariki Februari. Koti lake la mvua, la kijani, bado limetundikwa kwenye kulabu ya mwisho, karibu na bomba la joto. Marjut, aliyeshika nafasi yake, hakulishusha. Alisema acha likae, kwani linakula chakula cha nani? Kila Ijumaa napita pale na kutia mkono mfukoni mwake. Mna peremende moja nyeusi ya chumvi. Naigusa, naiacha.

Mtu angeuliza kwa nini nisilichukue. Nyumbani litakuwa koti la marehemu. Pale ni koti la mtu aliye mahali fulani ndani ya jengo.

Wenzangu bodini hawajui haya wala hawatajua. Mimi ni muuza majiko ya kuni mstaafu. Sheria inataka bodi iwe na watu kutoka nje ya chuo, na profesa mmoja aliyenunua jiko kwangu aliapa mbele ya wenzake kwamba halijawahi kumtolea moshi. Ndivyo nilivyochaguliwa. Wao huzungumza mikakati na vitega uchumi. Mimi huitikia kwa kichwa.

Lakini nina mpango.

Jumatano, 6 Novemba

Mkurugenzi wa fedha, Jarkko Tiihonen, ameandika kwamba chumba hakitumiki ipasavyo. Basi kitumike!

Nimepeleka makoti yangu yote. Nimepeleka ya marehemu kaka yangu. Nimepeleka la jirani yangu Orvokki, lenye harufu ya mbwa, na la mbwa mwenyewe. Dereva wa basi akaniuliza kama nahama au nimefukuzwa. Marjut naye kila nikirudi ananipa kibati cha namba na kunitazama. Mwishowe akauliza, hivi mzee Urho, una mwili mmoja au mko wengi humo ndani? Nikamwambia baridi imewahi mwaka huu.

Kufikia mchana chumba kilikuwa kimejaa. Kilipendeza! Nilisimama kaunta nikavuta harufu ya sufu iliyolowa. Lempi alikuwa akisema hiyo ni harufu ya watu waliofika salama.

Ndipo Jarkko akapita na wageni. Ndipo bomba la kutundikia likapinda katikati, taratibu, kama mtu anayeinama kufunga kamba za viatu. Kisha yote yakaja chini. Mgeni mmoja alitolewa chini ya koti la mbwa.

Koti la Lempi halikuanguka. Kulabu yake imepigwa ukutani. Nilikwenda kuhakikisha kabla sijamwangalia mgeni. Naona aibu kidogo kwa hilo.

Alhamisi, 7 Novemba

Siku ya kikao. Jarkko ameongeza aya mpya: chumba si tu hakitumiki, pia ni hatari, na ukarabati wake utaongeza gharama. Hatari! Mimi ndiye niliyeleta hatari, kwa basi!

Hata hivyo nilikuwa na mpango mkubwa zaidi. Lempi hakuwahi kunikatalia kwa maneno. Alinyamaza. Mwaka niliotaka kununua kiwanda cha mishumaa cha mtu aliyefilisika, alinyamaza kuanzia supu hadi kahawa, na kiwanda sikukinunua. Hakuna kitu kizito duniani kama kimya cha mtu asiyeafiki. Nikaamua kuibebesha bodi uzito huo.

Nilikaa mahali pangu, kando ya Holger Sjöblom. Huyu alikuwa mtu wa benki, sasa ndiye mwenyekiti wa kamati yetu ya ukaguzi. Kila kikao huchukua andazi la iliki la mwisho bila kuuliza kama kuna mwenye haja. Leo pia. Sikujali. Nilikuwa kazini.

Ajenda ya saba ikafika. Jarkko akaonyesha michoro. Mwenyekiti wa bodi, mama Raili Vuorenmaa, akauliza kama kuna mwenye neno. Nikakunja mikono. Nikakazia macho taa. Nikanyamaza kwa ukali ambao sijawahi kuufikia. Hata Holger aliacha kutafuna.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, husemwa. Mshindo ulikuja. Ulikuwa wa nyundo ya mama Raili. Pa! Bodi imeafiki kwa kauli moja.

Kwa kauli moja! Na mimi nimo!

Baadaye Jarkko alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema alihofia sisi wazee tungeng'ang'ania mambo ya kale, lakini mimi nimetulia kama jiwe, na hatasahau msaada wangu.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimemsubiri Pihla mlangoni pa ukumbi wa mihadhara. Yeye ni mwakilishi wa wanafunzi bodini, ana nywele za zambarau na hana madharau. Nikamuuliza, kama mtu anayeulizia rafiki yake, mjumbe hupingaje jambo.

Akacheka, kisha akaona sicheki. Akaniambia, mzee wangu, pale kimya ni ndiyo. Ukitaka hapana, fungua mdomo kabla ya nyundo. Basi. Hakuna kingine.

Hakuna kingine! Nimekaa bodini tangu mwaka jana! Nimekumbuka nyundo zote zilizogongwa nikiwa nimenyamaza. Nimeshiriki kuunganisha vitivo viwili huku nikiwaza samaki wa kukaanga. Pihla alivyoniona nimepauka akanipa chokoleti yake.

Lakini kuna tumaini. Kilichopita jana ni mwelekeo tu. Bajeti yenyewe inapitishwa tarehe 21, na kabla ya hapo kamati ya ukaguzi itaipitia. Yaani Holger. Ni lazima nimpate Holger.

Nilipita kwa koti. Peremende ipo.

Jumatano, 13 Novemba

Nimeoka maandazi ya iliki kwa mkono wangu. Lempi alikuwa akiviringa ya kwake kama masikio madogo. Yangu yametoka kama masikio ya bondia. Nikayafunga kwa kitambaa na kumpelekea Holger ofisi ya kamati, nikisema nilikuwa napita tu.

Akala moja. Akala la pili. Tumaini langu likapanda. Akala la tatu, akapangusa vidole kimojakimoja, akauliza kama haya yana uhusiano na jambo lolote lililo mbele ya kamati.

Nikasema hapana. Nikasema hapana kwa haraka mno.

Basi, akasema, ndugu Urho, mjumbe wa ukaguzi akipewa kitu huandikisha. Akamwita katibu. Mbele ya macho yangu yameingizwa kwenye daftari la zawadi: maandazi ya iliki kutoka kwa mjumbe U. Kettukangas, mawili yameungua. Yeyote anaweza kuomba kulisoma daftari hilo. Nchi nzima!

Nikiwa mlangoni akaniuliza kwa nini nahangaika hivyo na kulabu za makoti. Nikasema ni kwa ajili ya afya ya umma. Kisha akafunika maandazi yaliyobaki, vizuri, kwa kitambaa changu, akayaweka upande wake wa meza.

Mtu wa chuma huyu.

Alhamisi, 21 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Sikuwa na mpango wowote leo. Ilipofika bajeti, mama Raili akauliza kama kuna mwenye neno, akainua nyundo, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema hapana. Ilitoka kubwa. Maji yalitikisika kwenye gilasi.

Wote wakageuka. Ikabidi niendelee. Nikasema kuna koti. Nikasema ni la kijani. Nikasema la nani. Nikasema hata habari ya peremende, Mungu wangu, sijui kwa nini nilisema habari ya peremende. Jarkko alikuwa akitazama karatasi zake kana kwamba zimeandikwa kwa lugha nyingine.

Mama Raili akaweka nyundo chini polepole. Akaniambia kwa upole kwamba ananipa pole, na kwamba ameelewa. Halafu akasema kwa upole uleule kwamba mjumbe mwenye jambo lake binafsi katika shauri hawezi kushiriki kuliamua, na kwa hiyo ananiomba nisubiri nje.

Nje! Nimefungua mdomo kabla ya nyundo, na nimetolewa!

Nilikaa kwenye benchi la ukumbini. Nilikuwa nimeacha miwani ndani. Nikasikia sauti ya Jarkko. Nikasikia kimya, na sasa najua kimya kile ni nini. Nikafumba macho kungoja nyundo.

Badala yake nikasikia mtu akisema napinga. Sauti nzito, ya mtu mwenye andazi mdomoni.

Pihla ndiye aliyetoka kuniita. Alikuwa amevaa miwani yangu ili asiisahau. Akasema, mzee, wamepiga kura! Kwa mikono! Mama Raili alilazimika kumuuliza katibu jinsi ya kuhesabu. Holger amesema kamati yake haiwezi kuthibitisha kodi ya pango ya kampuni ya kahawa ambayo haijasaini chochote. Shauri la chumba limerudishwa kuandaliwa upya hadi majira ya machipuko. Hakijapona, hakijafa. Hadi machipuko.

Holger alipita mbele yangu akivaa glavu.

Ijumaa, 22 Novemba

Marjut amenieleza. Jana baada ya kikao Holger alisimama muda mrefu mbele ya kulabu ya mwisho, kofia mkononi. Akamwambia Marjut kwamba siku za baridi kali, mama yule alikuwa akiziweka glavu zake juu ya bomba la joto bila kuombwa, na kumrudishia zikiwa na moto. Hakujua alikuwa mke wa nani. Hakuwahi kuuliza jina. Kisha jana nikalitaja koti.

Lempi hakuwahi kuniambia habari za glavu. Alizipasha za wangapi? Nimekaa kwenye ngazi ya ukumbi kwa muda.

Nimetia mkono mfukoni. Ipo.

Nitamwomba Holger samahani kwa yote niliyomuwazia. Ni mtu mwema. Nimekuwa mjinga.

Jumatatu, 25 Novemba

Nimeshtuka kuliko siku zote!

Makabrasha ya Desemba yamefika. Kwa kuwa chumba cha makoti kimebaki hadi machipuko, lazima kupatikane akiba mahali pengine. Ajenda ya nne, pendekezo la H. Sjöblom: maandazi ya bodi yafutwe. Kahawa ibaki. Maandazi yafutwe!

Kumbe! Ndiyo hesabu yake yote! Amekula la mwisho vikao vyote hivyo, ameshiba, sasa anafunga duka. Na mimi niliyekaribia kumwomba samahani!

Lakini safari hii siendi na makoti wala siendi na unga. Nitakaa kando yake. Mama Raili atauliza kama kuna mwenye neno. Nitakunja mikono, nitamkazia Holger macho, na nitanyamaza kama Lempi, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa nguvu zangu zote.

Tuone kama atakistahimili kimya hicho.