Namna ya Kupata Bata Bila Kumwomba Jirani

Jumatatu, 2 Septemba

Nimeamua. Bata!

Kila asubuhi namwona jirani yangu Ramanitra akiteremka mferejini na bata wake kumi na tisa, fimbo mkononi, kama waziri anayekagua gwaride. Hapa kwetu kuna kuku kumi na mmoja tu, na hata hao ni wa mke wangu, Voahirana. Miaka ishirini napiga kinanda kanisani. Sistahili kupitwa na mtu kwa ndege.

Njia fupi ni kumwomba Ramanitra mayai ya kuatamisha. Haiwezekani. Tangu Pasaka hatusalimiani. Alisema mbele ya wazee wa kanisa kwamba kinanda changu hufika "Amina" peke yake, waumini wakiwa bado ubeti wa tatu.

Bahati nzuri, Mavo anataka kuatamia. Ndiye kuku jike bora wa Voahirana. Vifaranga wake ni kwa ajili ya harusi ya binti yetu Hasina mwakani. Nimembembeleza Voahirana aniazime kuku huyo kwanza. Bata ni wakubwa zaidi, nikamwambia, wageni watashiba upesi. Amekubali kwa shingo upande.

Nimenunua mayai saba ya bata sokoni kwa Bi Ketaka. Nilimwuliza kama yatatotolewa. Akasema yai ni yai. Jibu la mtu mwenye uzoefu.

Jumatatu, 9 Septemba

Voahirana ameyamulika mayai kwa tochi. Matupu. Hakuna hata kamshipa kamoja ka damu.

Nimerudi sokoni nimefura. Bi Ketaka naye akashangaa. Bata wake ni majike watupu, dume walimla sikukuu ya mwaka mpya. Alidhani nayataka ya kukaanga. Akaniuliza, mbona sikuuliza kama kuna dume?

Nimetembea kilomita nne kurudi nyumbani nikitafuta jibu.

Voahirana amenipakulia wali, akanimiminia maji yaliyochemshwa kwenye ukoko wa sufuria, akaenda kulala.

Jumanne, 10 Septemba

Nimepata akili mpya. Bata hutaga popote wanapokuwa. Wa Ramanitra wakiwa kwangu, watataga kwangu. Na yai lililotagwa uani kwangu ni langu. Huo si wizi. Ni malipo ya ukarimu.

Nimemwaga pumba za mpunga kwa mstari, kuanzia penye pengo la ukuta wa udongo unaotutenganisha na Ramanitra hadi mlangoni mwa banda la kuku. Nusu gunia. Kesho Ramanitra atawafungulia, nao watanusa.

Jumatano, 11 Septemba

Walikuja. Wote kumi na tisa.

Walikunywa maji ya kuku, wakaogea humohumo, kisha wakapindua beseni. Majani makavu ya banda yamekuwa tope. Kuku wamekimbilia juu ya rundo la kuni, jogoo akiwa wa kwanza. Mayai? Hakuna. Kumbe bata hutaga alfajiri kabla ya kufunguliwa. Walikuwa wameshamaliza kazi kwao, kwangu walikuja kustarehe.

Halafu likatokea baya. Mavo alitoka kiotani kunywa maji. Bata dume akampenda, akamrukia mgongoni. Nilipomvuta yule dume, mguu wa Mavo ulikuwa umeshateguka. Nilimkumbatia kifuani akitetemeka. Nilitamani anidonoe, lakini wapi.

Voahirana alishuka kutoka jikoni ghorofani na mwiko mkononi. Akatazama tope, akamtazama kuku, akanitazama mimi. Akasema kwa sauti ya chini, "Baba Hasina, kuku huyu ametulisha miaka mitatu. Hao bata wako wamemlisha nani?"

Leo sijala.

Alhamisi, 12 Septemba

Mavo yuko jikoni, ghorofani, ndani ya kikapu karibu na mafiga. Mguu umefungwa kwa kitambaa na vijiti.

Asubuhi Voahirana alikwenda kwa Ramanitra kumwomba radhi kwa kuwavuta bata wake. Nilimkataza. Akaenda. Amerudi na kofia ya majani imejaa mayai manane!

Kasema aliyataja tu mayai, Ramanitra akainuka kuyachagua. Yenye umri usiozidi wiki, safi bila kuoshwa, bila ufa. Akamwelekeza ayanyunyizie maji ya uvuguvugu siku za mwisho, na asubiri siku ishirini na nane, si ishirini na moja kama ya kuku. Tena Ramanitra ndiye aliyeomba radhi, kwa utovu wa adabu wa dume lake. Na akauliza, kwa nini mimi, Ratovo, sikuja mwenyewe?

Nilisema manane ni machache.

Mavo hawezi kutembea. Kaingiziwa mayai chini yake, akajitandaza, akafumba macho. Mtu akiniuliza, nimeyapata baada ya majadiliano makali.

Jumamosi, 28 Septemba

Mazoezi ya kwaya. Nilikuwa nawasimulia waimba sauti ya tatu yale majadiliano: jinsi Ramanitra alivyoanza na mayai mawili, nikakaza, akapanda hadi manane. Wakaacha kucheka ghafla. Ramanitra alikuwa nyuma yangu.

Hakunisuta. Aliomba tu kwamba kesho nipige polepole kidogo, mama yake ana pumu na anapenda kuimba mpaka mwisho.

Jumapili, 29 Septemba

Nimepiga polepole. Wimbo mmoja dakika kumi na moja. Mama yake Ramanitra alimaliza, akaketi, akalala.

Alhamisi, 10 Oktoba

Sita wametoka! Manjano tupu, na midomo kama vijiko. Mayai mawili hayakufunguka. Mavo amesimama kwa mguu wake mbovu, akawafunika wote. Voahirana alifuta macho, akasema ni moshi. Moto ulikuwa haujawashwa. Na mimi pia moshi uliniingia.

Jumapili, 13 Oktoba

Aibu kubwa. Baada ya ibada Mavo aliwatoa watoto kutembea. Walipoona mfereji, wakatumbukia, mmoja baada ya mwingine. Mavo akapiga kelele, akikimbia ukingoni huku na huko akichechemea. Sikuweza kuvumilia kelele zile. Nikaingia mferejini kuwaokoa, na suti ya kanisani mwilini. Tope likanishika magotini, kisha kiunoni.

Ramanitra alifika na fimbo yake, kanisa zima likiwa nyuma yake. Akasema, "Ratovo, hao wanaogelea. Wewe ndiye unayezama."

Akaninyooshea fimbo. Nikaishika. Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Ramanitra peke yake hakucheka, mpaka aliponitoa. Kisha akacheka kuliko wote. Alitufuata hadi nyumbani, tukala wali pamoja. Kabla ya kuondoka alisema nikihitaji kitu nigonge mlango tu, watu wa mtaa mmoja hawahitaji mbinu.

Maneno mazuri sana. Nimeyatafakari jioni nzima.

Jumatano, 16 Oktoba

Voahirana ametenga banda: kuku juu pakavu, bata chini, kila mmoja na maji yake. Wanaelewana kuliko binadamu.

Leo nimesikia kwamba watawa wa kule mlimani wana bata mzinga. Majike tisa na madume mawili, nimehakikisha. Voahirana anasema masista wale ni wema, niende mlangoni niwaombe mayai, watanipa.

Kuomba! Yeye hana akili ya mipango. Nimeshaulizia: kila Ijumaa wanapokea watu wa kusali, na bustani yao iko wazi. Nitafika na shuka pana la kujitanda, lenye mifuko kumi na miwili kwa ndani. Tayari nimeshona minne.