Usaili wa Mazoezi

Jumatatu, 3 Juni

Barua imefika. Nimeitwa kwenye usaili wa chuo cha udaktari, Alhamisi ya wiki ijayo, saa nne asubuhi. Mara ya tatu. Chuo hakiruhusu ya nne. Wameandika hivyo mwisho wa barua na kupigia mstari, kama watu wanaonifahamu.

Alama zangu ni nzuri, hakuna anayebisha. Tatizo ni mwili. Mwaka wa kwanza jopo liliniuliza jina langu, nikajibu, "Ndiyo." Mwaka jana jina nililipata, kisha nikanywa maji ya mwenyekiti. Glasi nzima! Aliitazama glasi tupu, akaandika.

Mama, ambaye hushona sare za shule hapa sebuleni, amesema bila kuinua macho kwenye cherehani kwamba nikiingia niwaambie tu kuwa naogopa. Hofu ikitajwa hupungua, anasema. Nimemshukuru. Mama ni mshonaji mzuri sana.

Binamu yangu naye ameitwa, siku hiyo hiyo. Kwake ni mara ya kwanza. Tangu utotoni tunamwita Barafu, maana hakuna kinachomtikisa. Aliwahi kung'olewa jino huku anasoma gazeti. Amenitumia ujumbe kwamba tutakuwa sawa tu. Dharau hiyo.

Jumanne, 4 Juni

Nimeunda jopo la mazoezi. Mwenyekiti: sanamu la Mama la kupimia nguo. Mjumbe wa pili: kiti kilichovikwa koti. Mjumbe wa tatu: Mama mwenyewe, kwa sharti kwamba aendelee kupiga pasi.

Nikabisha hodi kwenye sebule yetu. Nikaingia, nikaketi. Sanamu halina kichwa. Hata hivyo lilinitazama. Mikono ikaanza kutetemeka. Mama akauliza kwa nini nataka kuwa daktari. Nikasema ni kwa sababu. Akangoja. Nikaomba ruhusa ya kwenda chooni.

Shati limelowa mpaka mgongoni. Mama amenikatia kipande cha kitambaa cha bluu cha sare, akakikunja pindo, nikae nacho mkononi siku yenyewe.

Jumatano, 5 Juni

Nimepata! Dawa ya moto ni moto.

Kinachonitisha si maswali, ni jopo. Basi niyazoee majopo. Kwenye lango la hospitali kuu kuna tangazo: wanatafuta mtu mmoja wa kufua na kukunja mashuka. Usaili kesho, anayetaka aje. Kazi hiyo siitaki hata kidogo. Ndio uzuri wake. Mtu haogopi kukosa asichokitaka.

Alhamisi, 6 Juni

Chumba cha kufulia kiko nyuma ya hospitali. Mashine nne, mvuke, harufu ya sabuni na nguo ya moto. Kwenye benchi tulikuwa kumi na wawili, mimi peke yangu nikiwa na tai.

Anayesimamia ni mama wa makamo, mikono ya gauni ameikunja, miwani inaning'inia kwenye kamba. Moyoni nimempa jina Mama Shuka. Alikaa na wasaidizi wawili. Jopo kamili!

Nilitiririka kama bomba. Nikasema tangu utoto napenda shuka safi. Akauliza kama sitamkimbia mwezi wa pili niende kusoma, kama vijana wenzangu. Nikamwambia vitabu havijawahi kunivutia, na udaktari ndio kabisa, maana mimi na damu hatuelewani. Nitakunja mashuka mpaka nistaafu. Mikono ilitulia tuli. Akanipa shuka nilikunje. Mtoto wa mshonaji! Pembe kwa pembe.

Nimepata kazi. Naanza Ijumaa ya tarehe 14. Nimekubali, kwa sababu kukataa kungeharibu mazoezi.

Mama ameuliza wale kumi na mmoja wa kwenye benchi wamekwenda wapi. Nyumbani, nadhani. Akasema njia ya mwongo ni fupi. Sioni uhusiano.

Jumamosi, 8 Juni

Nimekwenda kwa shangazi kumsalimia, yaani kumchunguza Barafu. Yuko mezani na vitabu vyake, sahani haijaguswa. Ameniuliza taratibu kama usingizi ninaupata. Nikamwambia nalala kama gogo. Akasema yeye hapati. Nimemwelewa mara moja: anataka nimhurumie ili nilegee. Sikulegea. Nimekula na chakula chake.

Jumatano, 12 Juni

Nimesailiwa mara mbili zaidi, mapokezi ya hoteli na uuzaji wa matangi ya maji. Hoteli wameahidi kunipigia. Wa matangi wameniomba niwe meneja msaidizi.

Nimeiva. Koti limepigwa pasi. Kitambaa cha bluu kiko mfukoni, ingawa sitakihitaji.

Alhamisi, 13 Juni

Naandika yote, kama yalivyokuwa.

Nilifika saa tatu. Viti kwenye ukumbi, Barafu hayupo. Nikatoka nyuma ya jengo kutafuta bomba la kunawia mikono, maana ilikuwa imeshaanza kutetemeka. Nikamkuta Barafu ameshika ukuta, anatapika. Hakuwa na kitu cha kutapika. Hajala tangu Jumatatu, akaniambia. Nilisimama pale kama mlingoti. Kisha nikamshikia koti, nikamfungulia maji, nikampa kitambaa cha bluu. Akaomba nisimwambie mtu. Nikakubali. Shajara si mtu.

Kwa hiyo niliingia mikono mitupu.

Mwenyekiti ni yule yule, daktari wa upasuaji. Glasi yake ya maji ilikuwa imesogezwa mpaka mwisho wa meza. Wa pili ni mhadhiri. Wa tatu, mwenyekiti akaeleza, ni jambo jipya: mwaka huu kila jopo lina mfanyakazi mmoja wa hospitali asiye daktari, ili chuo kijue tunavyozungumza na watu.

Miwani kwenye kamba.

Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, kisha akauliza kama si kesho ndiyo naanza kazi kwake. Mwenyekiti akataka kujua kama tunafahamiana. Mama Shuka akaeleza kila kitu bila kuongeza chumvi. Haikuhitaji chumvi. Alipofika kwenye mimi na damu, mhadhiri alivua miwani yake akaifuta kwa muda mrefu.

"Sasa mwanangu," akasema Mama Shuka, "umemdanganya nani? Sisi wa mashuka, au hawa?"

Mikono ikaanza, na kitambaa sina. Majibu yote niliyokariri yakafutika. Nikayatafuta, nikakuta neno moja tu, la Mama, na lenyewe nilikuwa nimeapa silitumii.

"Naogopa," nikasema. "Kule sikuogopa kwa sababu sikutaka kitu. Hapa nataka."

Mwenyekiti akaisogeza glasi yake ya maji mbele yangu.

Nikanywa. Kisha nikawaeleza habari za bibi yangu. Alilazwa miezi miwili, na kila asubuhi daktari alipopita, Bibi alimwambia hana maumivu. Alikuwa anamwogopa daktari kuliko ugonjwa. Wauguzi waliamini, hata Mama aliamini. Mimi niliona mikono yake ikitetemeka chini ya shuka, kwa sababu ndivyo yangu inavyofanya. Nikamfuata daktari nje nikamwambia. Wakampa dawa, akalala. Alifariki baadaye, lakini hakufariki na maumivu yale. Hiyo ndiyo sababu yangu. Sijawahi kuisema mbele ya jopo lolote, wala la sanamu.

Mama Shuka akasema kwamba kwenye benchi, jirani yangu, alikuwepo mama mmoja mwenye miaka kumi ya kazi hiyo, naye alimrudisha nyumbani kwa ajili yangu. Niliona aibu, na ilikuwa aibu ya kweli. Nikasema kesho nitakwenda kuomba radhi.

"Njoo saa moja," akasema. "Radhi haikunji shuka."

Ijumaa, 14 Juni

Nimekwenda. Yule mama wa kwenye benchi alikuwa ameshaitwa, yuko kwenye mashine namba mbili, kazi ni yake. Mimi nimepewa kikapu, nimsaidie kukunja mpaka majibu ya chuo yatoke. Hakunisemesha mpaka saa sita. Saa sita akaniambia pembe zangu zimepinda.

Jumatatu, 8 Julai

Nimechaguliwa. Barafu pia.

Mama alizima cherehani katikati ya mshono, jambo ambalo sijapata kuliona, akalia kwenye kola ya mtoto wa watu. Nami nililia. Naandika wazi, hakuna cha kuficha.

Jioni Barafu alikuja na kitambaa cha bluu, amekifua na kukipiga pasi. Akauliza ni nini kilichonisaidia mbele ya jopo, maana yeye hakumbuki hata alijibu nini. Nikamweleza njia yangu kwa utulivu, hatua kwa hatua: majopo manne ya mazoezi, ukihesabu na lile la sanamu. Bila mazoezi hayo ningekuwa wapi? Mama alifungua mdomo, akaufunga, akawasha cherehani.

Kisha nikasoma ukurasa wa pili wa barua. Mwisho wa muhula wa kwanza kuna mtihani wa mdomo, mwanafunzi mmoja mbele ya watahini watatu. Mikono ikaanza hapo hapo.

Mama akaiona. Akasema ninajua la kufanya, na nilishalifanya mara moja. Kweli kabisa. Nikachukua gazeti, nikafungua ukurasa wa nafasi za kazi. Mama akasema sikio la kufa halisikii dawa. Nimeiandika methali hiyo pembeni, huenda wakaiuliza chuoni.

Kesho saa tatu nina usaili wa mwokoaji kwenye bwawa la kuogelea. Sijui kuogelea, ndiyo maana sina wasiwasi hata chembe. Tangazo linasema kila mwombaji aje na nguo za kuogelea. Ni utaratibu tu, nadhani.