Mfalme wa Ghorofa ya Tisa

Mwl. Sylvester Mihambo,
Mwalimu Mstaafu wa Historia,
Mtendeni, Tabora.

Ndugu Mhariri,

YAH: KUFUFULIWA KIHOLELA KWA MASHINE YA GEMU ILIYOKWISHA KUFA

Natumaini u mzima na unaendelea vema na kazi yako ya kuchapa matangazo ya viwanja. Mimi ni mzima kimwili. Naandika kwa sababu heshima yangu imeharibiwa na binti mwenye bisibisi, na kwa sababu nimewaeleza jambo hili watu wote wa mtaani na hakuna aliyekasirika kwa kiasi ninachotaka.

Kwa wasomaji wasioijua: mwaka 1986 marehemu baba yake Hamoud alileta kwa treni kutoka Dar es Salaam mashine ya gemu, kasha refu kama kabati la nguo, lenye kioo, mkono wa kuongozea na vibonyezo viwili. Akaiweka kwenye mgahawa wake hapa Mtendeni, ambao sasa ni wa Hamoud. Ukitumbukiza sarafu, kijana mdogo wa kijani anapanda jumba la ghorofa tisa huku akikwepa popo na nge. Mwaka 1990 radi ilipiga, mashine ikazima, ikasukumwa stoo nyuma ya magunia ya mchele. Ikakaa huko kwa amani. Mimi nami nikakaa kwa amani, maana ndimi mtu pekee aliyewahi kuimaliza.

Nilivyoimaliza nimekwisha kueleza mara nyingi, lakini kwa faida yako nitarudia. Nilipofika ghorofa ya tisa mlango ulifunguka, akatoka mfalme, akavua taji, akainama mbele yangu. Nimelisimulia jambo hili kwenye harusi, kwenye misiba iliyochangamka, na katika vipindi vya mwisho vya kidato cha pili. Mke wangu Recheli, aliyekuja mjini kutoka Goweko mwaka 1992 kujifunza ushonaji, nilimsimulia siku ya pili ya kufahamiana kwetu. Mwaka uliofuata tukafunga ndoa. Sisemi kwamba mfalme ndiye aliyenioza, ila hakuniharibia.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Binti wa Hamoud, Fakhria, anayetengeneza televisheni na simu kwenye meza iliyo mbele ya mgahawa wa baba yake, ameifufua mashine hii bila kumshirikisha mtu yeyote mwenye kumbukumbu nayo. Kazi imemchukua miezi kumi na moja. Ndani alikuta kiota cha panya, mbao zilizoliwa na mchwa na saketi iliyojaa kutu. Mtu mwenye adabu angefunika na kwenda zake. Yeye alikaa na mswaki na spiriti akaisugua saketi ile kama anayemsafisha mtoto masikio. Kapasita alizitoa moja moja akaweka mpya. Kioo kilichokufa alikibadilisha kwa kioo cha televisheni ya kichogo aliyopewa na Xavery, fundi cherehani, ambaye kwa miaka mingi aliitumia kuwekea majora ya vitambaa. Jilala naye, seremala asiyeweza kumaliza kitanda cha mteja kwa miezi sita, alichonga mbavu mpya za mninga kwa siku nne na kuzipiga msasa mpaka zikateleza. Kitanda hicho ni changu.

2. Siku ya Idi, watu walipotoka kuswali, mashine iliwashwa. Hamoud alipanda juu ya kiti akatangaza, "Mwalimu Sylvester ndiye aliyeifunga, na yeye ndiye aifungue." Watu wakanipisha. Nikashika mkono wa mashine. Popo wa kwanza, ambaye zamani hakuwa na tabia hiyo, alinijia moja kwa moja usoni. Nikafa. Nikafa tena. Mara ya tatu nilikufa kabla sijasogea. Nilieleza kwa utulivu kwamba springi ya mkono imewekwa kinyume. Hapo Bibi Maram, muuza vitumbua mwenye miaka sabini na anayeona kwa jicho moja, akaushika mkono huo huo uliowekwa kinyume, akafika ghorofa ya tatu huku bado anaongea na mteja wake.

3. Hapa ndipo penye kidonda. Jumanne iliyofuata Fakhria alipanda ghorofa zote tisa mbele ya watu wapatao arobaini. Mlango haukufunguka. Mlango wenyewe hakuna. Kijana wa kijani alirudishwa ghorofa ya kwanza, popo wakaongezewa mwendo, basi. Watu wote waligeuka wakanitazama. Fakhria hakunitazama vibaya. Laiti angefanya hivyo. Alikuja mpaka mezani pangu.

"Shikamoo mwalimu. Mfalme anatokea upande gani?"

Nikamjibu, "Marahaba. Kulia."

"Basi kuna kitu sijakitengeneza," akasema. "Nisamehe, mwalimu."

Tangu siku hiyo ameufungua mgongo wa mashine mara tatu akimtafuta mfalme. Amepima kila waya. Amewaandikia watu wa nchi za mbali wanaofufua mashine za namna hii, nao wamemjibu kwamba wameitengeneza mashine kama hiyo mara ishirini na mfalme hayumo. Unajua aliwajibu nini? Alinionyesha kwenye simu yake. Aliwaandikia kwamba wamekosea, kwa sababu yeye anaye shahidi. Sasa simu za wateja zinalala mezani bila kufunguliwa. Hamoud anasema binti yake hali vizuri. Na mimi siwezi tena kunywa chai pale bila kuletewa waya na kuulizwa kama ninaukumbuka. Ukaidi wa namna hii sijawahi kuuona kwa mwanafunzi yeyote, na nimefundisha watoto wa madiwani.

4. Nimefundisha historia ya mji huu kwa miaka thelathini, na nina haki ya kusema. Tabora ilijengwa na misafara. Wapagazi wetu walibeba pembe mpaka pwani, wakarudi baada ya miezi mingi wakasimulia habari za maji yasiyo na ng'ambo na nyumba zilizojengwa juu ya nyumba nyingine. Je, kuna mtu aliyefunga mzigo wake akatembea mpaka Bagamoyo kuhakiki? Aliyerudi aliaminiwa, akakaribishwa pombe, akaoa. Huo ndio ustaarabu. Sasa leo anahakikiwa mfalme. Kesho atahakikiwa Nassibu wa buchani, ambaye kila mtu anajua kwamba nusura aichezee timu ya taifa. Keshokutwa zamu ya Hamoud mwenyewe, ambaye babu yake, tunaambiwa, alikataa kumuuzia chumvi Mzungu mmoja mashuhuri kwa kuwa hakumwamkia. Tukianza kutengeneza kila kilichoharibika, Ndugu Mhariri, mji huu utabaki na watu wa kawaida watupu.

Kwa hiyo naomba, kupitia ukurasa wako, mashine izimwe na irudishwe nyuma ya magunia. Kama hilo haliwezekani, itungwe sheria ndogo kwamba kitu kilichokufa kwa zaidi ya miaka thelathini kisifufuliwe bila kibali cha maandishi cha wale waliokwisha kukisimulia. Na kama hilo nalo ni zito kwa wakubwa, basi Fakhria aamriwe kumweka mfalme yeye mwenyewe. Anajifanya anajua kila kitu; hilo halitamshinda. Akitaka kimo chake na rangi ya joho, nitampa.

Nisalimie wachapaji wote, msambazaji wa magazeti ambaye hatufikii, na yule mama wa mapokezi anayesema kila mara kwamba barua zangu hazijafika.

Ni mimi, katika kulinda kumbukumbu za mji,

Mwl. Sylvester Mihambo

Nyongeza: Barua hii nilimpa Recheli jana anisahihishie tahajia, kama afanyavyo siku zote. Alipofika kwenye habari za mfalme alivua miwani. Akaniambia kwamba likizo ya mwaka 1989 alikuwa hapa mjini kwa shangazi yake, aliyekuwa akipika sambusa kwenye mgahawa ule. Yeye alikuwa jikoni akiosha vikombe, na dirisha la jikoni lilitazama mashine.

"Hukuwahi kuigusa," akasema. "Sarafu ulikuwa huna. Ulikuwa unasimama katikati ya watu, unawaeleza walio nyuma yako kinachotokea mbele. Ukieleza, hakuna aliyesukuma ili aone mwenyewe. Mimi nami nilikuwa naacha vikombe kwenye maji nakusikiliza."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia kwa miaka yote thelathini na mbili ya ndoa. Akasema hakuona kosa la kusahihisha. Akavaa miwani akaendelea na tahajia. Alikuta makosa manne.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Fakhria. Alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya mashine, tochi mdomoni. Nikamwambia afunge, mfalme nilimtunga mwenyewe. Alitoa tochi mdomoni, akauliza, "Kwa hiyo ni nzima?"

Nikamwambia ni nzima. Ilikuwa nzima tangu Idi, na kazi nzuri kama ile sijaiona mjini hapa. Akaweka bisibisi chini akajifunika uso kwa viganja. Sikujua kama analia au anacheka mpaka aliponiomba nimwagizie chai na chapati mbili. Alikula zote, halafu akakaza skrubu za mgongo moja baada ya nyingine, na mimi nikamshikia tochi.

Barua hii usiichape. Ningeichana, ila Recheli amekwisha kuisahihisha na hataki kazi yake ipotee bure. Kama umeshaipanga ukurasani, ipangue uweke tangazo la kiwanja. Saa kumi Recheli ana zamu ya kucheza, watu watakuwa wengi, na watakaokaa nyuma hawataona kitu. Lazima niwahi.