Kubipa Kumekwisha: Hotuba ya Bwana Mratibu kwa Wamotari wa Kasongo

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mheshimiwa, ambaye matope ya barabara ya Kabambare yamemzuia huko huko njiani. Mheshimiwa Kaimu wa Msaidizi wake, ambaye kiti chake nakiona kitupu lakini nakisalimu kwa heshima zote. Mashehe, mapadri, wachungaji na walimu. Wakubwa wa mitaa, kila mmoja kwa cheo chake na kwa upana wa tumbo lake. Mama zetu wa soko. Na ninyi wamotari, ambao nimewaomba mara tatu mzime pikipiki: itifaki imezingatiwa, na pale isipozingatiwa ni kosa la katibu wangu. (Makofi ya safu ya mbele. Nyuma, pikipiki moja inazimwa.)

Mimi Christophe, Mratibu Mkuu wa Muda, mwaka wa tisa sasa, wa Tume ya Kuoanisha Mawasiliano ya Biashara Ndogondogo, nimekuja kuwatangazia rasmi kwamba Mradi wa Laini ya Bure umefanikiwa kwa asilimia mia moja na nne. (Mtu anacheka.) Anayecheka aandikwe. Hizo nne ni za ziada, ni juhudi zangu binafsi.

Kabla ya Mradi wangu hali ilikuwaje? Ilikuwa ya aibu! Mumuangalie Mama Émérance, yule pale mwenye kitenge cha kijani, mwenye pikipiki tatu zinazobeba watu, mizigo na wagonjwa kati ya hapa na Kabambare. Mama huyu, ili asimalize uniti, yaani salio la simu, alikuwa amewafundisha wamotari wake kubipa: simu ikilia mara moja ikakatika, maana yake nimefika Lusangi, mara mbili, njia imeharibika, mteja aambiwe asubiri, mara tatu, nina mgonjwa, leteni msaada. Na aliyekuwa na neno la lazima alilipanga kwanza kichwani, akapiga, akalisema, akakata kabla dakika haijatimia. Eti ndivyo alivyoendesha kazi miaka sita bila kufunga mlango! Mimi, niliyehudhuria semina mbili kule Kindu, nilipoelezwa nilishikwa na uchungu wa kitaalamu. Nilisema: taifa linalobipa ni sawa na mtu anayegonga mlango na kukimbia! (Makofi. Katibu anapiga peke yake kwa muda mrefu.)

Ndipo msimu uliopita nikaenda kwake mimi mwenyewe, kwa miguu yangu mwenyewe, kutoka kwenye gari mpaka mlangoni. Nikampa kadi nne mpya za Mradi, moja yake na tatu za wamotari, nikamwambia, «Mama, kuanzia leo mtaongea mpaka mate yakauke, bure kabisa. Hizo laini za zamani mzitupe.» Yeye, kwa uelewa wake mdogo, akaniuliza habari za mtandao, «Bwana Mratibu, na rezo ya hii kadi iko wapi?» Nikamjibu kwa upole wa kiongozi, «Mama, rezo iko kwenye faili.» Akaamini. Akafuta namba ya zamani kwenye kibao chake pale sokoni, akaandikisha mpya kwa rangi nyekundu. Huo ndio uzalendo! (Mama Émérance anasimama. Minong'ono.)

Kaa, mama, maswali ni baada ya vinywaji. (Hakai. Anasema: «Bwana Mratibu, ile kadi haikulia hata siku moja. Wiki ine wateja wanaita ile namba, hapana kitu. Watu wakasema Émérance amekufa. Dereva wangu mumoja akaenda kwa watu wengine. Mimi ndiye niliandikisha ile namba, kwa mukono wangu.»)

Asante kwa mchango huo wenye kujenga. Ndugu zangu, kutolia si kutofanya kazi. Simu isiyolia haikusumbui, na utulivu ni mojawapo ya nguzo zetu tano, ambazo nyingine nne ziko njiani kutoka kwa mchapishaji.

Sasa nije kwenye tukio ambalo Tume imeliweka katika ripoti yake, ukurasa wa mbele, kwa herufi nzito. Siku ile ya mvua kubwa, Héritier, dereva wa Mama Émérance, alikuwa amembeba Benita, mkulima wa upande wa Lusangi, mwenye mimba ya miezi tisa, anamleta hospitali. Wakafika kwenye kijito, daraja la miti limekwenda na maji. Uchungu umemshika mama. Héritier akatoa simu yenye kadi ya Mradi, akapiga. Kimya. Akapiga tena. Kimya kile kile. Hapa ripoti yetu inasema, nanukuu, «mawasiliano yakafanyika».

(Sauti ya Héritier kutoka nyuma: «Hayakufanyika! Nilitoa laini yangu ya zamani ndani ya kofia, ndiyo nikabipa nayo! Mara tatu!» Wamotari wanapiga honi.)

Honi si utaratibu wa mkutano! Ndiyo, kijana huyu, kwa ukaidi ambao Tume imeusamehe, alikuwa ameficha laini ya zamani, yenye uniti isiyotosha hata kusema haloo. Na Mama Émérance, kumbe naye, baada ya wiki zile nne alikuwa ameirudisha laini yake kwenye kisimu cha tochi na kukifunga katika pindo la kitenge. Kikalia mara tatu. Hakupiga kuuliza: alijua Héritier amembeba nani, na kwamba kwa mvua ile daraja la kijito halisimami. Hakulia. Alimpigia nesi Julienne, nami nimethibitisha, alisema hivi tu: «Mama Julienne, mama mwenye mimba iko ku kijito, daraja limekwenda. Glody anakuja kukubeba, vaa mabuti.» Akakata. Sekunde kumi na mbili! Katika Tume yetu sekunde kumi na mbili hazitoshi hata kutaja vyeo vya anayepigiwa! Glody, dereva wake mwingine, akamfikisha nesi ukingoni, watu wa shamba la jirani wakamvusha kwa kamba, maji kifuani, na mtoto akazaliwa chini ya turubai ya mizigo, mzima, na mama yake mzima. (Vigelegele. Mama mmoja anainua mtoto juu.)

Basi, waheshimiwa, akina mama waliojifungulia kwenye kijito kile na kupona ni asilimia mia! Ni nani kati ya wakosoaji anaweza kukana takwimu hiyo? Nilipendekeza mtoto aitwe Christophine. Familia, bila kuzingatia mashauriano, ikamuita Émérance.

Na leo, mama, kuna karatasi hii ndogo ya kupokea Mradi, unaweka kidole hapa, ili fedha za awamu ya pili ziteremke. (Mama Émérance anaichukua, anaisoma yote, mstari kwa mstari, midomo ikichezacheza. Anairudisha. «Hapa imeandikwa nimepokea. Mimi sikupokea. Kidole changu ni cha kazi, Bwana Mratibu.» Kisimu kinalia kwenye pindo la kitenge mara moja, kinakatika. Anakitazama: namba ya mteja. Anamwambia Glody, «Twende, mutu iko anangojea.» Pikipiki zinawaka. Wamotari wote wanaondoka nyuma yake.)

Vumbi hili ni ishara ya maendeleo yanayokwenda mbio! Kidole nitaweka mimi, kwa niaba ya walengwa. Simu ni... (Safu ya mbele: «Uniti!») Simu ni maendeleo! Laini ni... (Kimya.) Laini ni yetu sote!

Namaliza kwa shukrani. Namshukuru Mwenyezi Mungu. Naishukuru safu ya mbele. Na kwa namna ya pekee namshukuru mchoraji wetu Moustapha, aliyeuchora mnara wa rezo kwenye shuka hili lililoshikwa nyuma yangu kwa ufundi mkubwa hivi kwamba wafadhili, wakiuona katika picha, watauhesabu. Nanyi wapiga picha, tafadhali msogee nyuma kidogo, na mumsubiri aliyeshika shuka upande wa kushoto apumzishe mkono, kwa maana mnara umeanza kuinama.